Mjomba wa Kwenye Santuri

Mtaani kwake hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Polepole, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Ukimpelekea fundi huyu suruali leo akakwambia uje keshokutwa, ujue hiyo keshokutwa ni ya kwake, si ya kalenda. Ahadi za mafundi cherehani tunazijua wote, lakini wenzake hukawia kwa sababu wamepokea kazi nyingi kuliko mikono yao. Yeye alikawia kwa sababu hakuona kwa nini tundu la kifungo lishonwe kama mtu anayekimbizwa. Mteja akija juu, akamwuliza kama anamshonea suti au sanda, Polepole alimnyooshea nguo tu na kumwambia, "Itazame mwenyewe." Mteja akiitazama, ugomvi ulikwisha hapo hapo.

Alifanyia kazi sebuleni kwake. Cherehani ya miguu ilikaa dirishani ili ipate mwanga, meza ya kukatia katikati, na benchi la wateja ukutani, lililokwisha kulainishwa na wanaongoja. Kwenye kona, juu ya kabati la vitambaa, ilikaa gramafoni. Alikuwa ameishonea koti, lenye mfuko na vifungo, maana kwa maoni yake kitu cha thamani hakikai uchi.

Cherehani na gramafoni vyote vilikuwa vya mjomba wake. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na baba alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta kazi, akapotelea huko huko. Aliyebaki alikuwa kaka wa mama, kapera, fundi cherehani, asiyejua hata mtoto anashikwaje. Akamlea hivyo hivyo. Akamlaza kwenye kapu la mabaki ya vitambaa, akamlisha kwa kijiko, akamfundisha kushika sindano kabla hajajua kushika kalamu. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wa Polepole ulikuwa mjomba.

Mjomba huyo alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka. Akikuonya jambo, alikuambia mara mbili kwa maneno yale yale, halafu ya tatu akakuambia kwa nini. "Usiuvute uzi. Usiuvute uzi, nakwambia. Nguo itakunja uso." Alikwisha kufariki zamani, na picha yake haikubaki hata moja, kwa kuwa alikataa katakata kupigwa, akidai wapiga picha wote humtoa makengeza. Kwa hiyo mpwa wake alibaki na cherehani, gramafoni, na santuri moja iliyosalimika kati ya nyingi zilizokwisha kukwaruzika. Ndani ya santuri hiyo ndimo alimokuwa akimsikiliza mjomba.

Hapana, mjomba hakuwahi kurekodi chochote. Alikuwa fundi, si msanii. Lakini mwimbaji wa santuri ile alikuwa na sauti ya mjomba mtupu. Ule uzito ulikuwa wake, na ule utaratibu, na hata mtindo wa kusema. Ulikuwa wimbo wa bluzi, muziki ule wa watu weusi wa Marekani, tena bluzi ya polepole, ile ambayo haiendi popote kwa sababu pale ilipo pana mambo ya kutosha. Mwimbaji anasema neno, anarudia neno lile lile kana kwamba hukumsikia, kisha anakupa jibu. Polepole alipousikia tena baada ya mazishi, akiwa peke yake, aliacha kazi akalia mpaka akaridhika. Tangu siku hiyo akawa anaupiga kila alasiri, akishamaliza kupiga pasi.

Lebo ya santuri ilikuwa imebanduka, hivyo majina ya wapigaji hakuyajua. Maneno nayo hakuyaelewa, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha kwenye futi ya kupimia, inchi na nusu inchi. Akawapa watu wale majina mwenyewe, na kwa kuwa mwimbaji alikuwa Mjomba, wengine ilibidi wawe ukoo.

Mpiga piano alikuwa Shemeji, maana huyo haachi utani. Mjomba anasema jambo zito, yeye huku nyuma anachokonoa vinoti vyake, anacheka, anakimbia, anarudi. Mpiga gitaa alikuwa Mkwe. Huyo hasemi hata siku moja wakati Mjomba anasema. Anangoja amalize, halafu anajibu kwa ufupi, kichwa kimeinama. Mwenye besi alikuwa Babu, anayetembea nyuma ya wote na mkongojo wake bila kukosa hatua. Mpiga ngoma hakumpa undugu, akamwita Mlinzi, kwa sababu hampigi mtu, anafagiafagia tu ngoma yake kuonyesha kwamba yuko macho.

Ukimkuta siku ana nafasi, na siku za nafasi hakuzikosa, angekueleza wimbo mzima huku unasubiri suruali yako. "Sasa sikiliza. Muziki umezunguka mzima na Mjomba hajafungua mdomo. Mwingine angeshaimba nusu ya wimbo, yeye anawaacha kwanza wakae." Kisha, katikati, alikunyooshea kidole unyamaze. Mkwe alikuwa amepewa ruhusa ya kusema. Alianza kwa haya, kama anayekohoa ukumbini, halafu akashika noti moja, akaing'ang'ania, akaivuta mpaka ukadhani itakatika, na haikukatika. Hapo mtu mmoja kati yao aliguna, "Mh!" Mguno ule umo ndani ya santuri, unasikika kabisa. Polepole alimshuku Babu.

Mwenye kuuchukia wimbo ule alikuwa mkewe. Yeye alikuwa msusi, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi, akisukia wateja wake kwenye kibaraza cha nyuma. Sindano ikigusa tu santuri, aliufunga mlango wa katikati.

"Haya, matanga ya wakwe zangu yameanza," aliwaambia wateja. "Mwanamume mzima analia mchana kweupe. Mwanamume wa kulalamika ninaye mmoja ndani ya nyumba, wa pili wa nini?"

Maisha yalikwenda hivyo, mlango ukifungwa na kufunguliwa, mpaka alasiri moja Mkwe alipokuwa ameishikilia noti yake. Noti ikaanza kulegea. Ikashuka, ikazama, ikawa mngurumo, kisha kimya.

Polepole hakushtuka sana. Aliivua gramafoni koti lake, akaondoa sahani ya juu, akakuta kile alichokitarajia. Mkanda ulikuwa umekatika. Na mkanda wenyewe, bora niuseme wazi, ulikuwa lastiki ya kiuno cha suruali. Mkanda halisi wa raba ulioza enzi za mjomba, na mjomba, fundi wa watu, alikata kipande cha lastiki, akaunganisha ncha kwa mshono bapa, akakivisha mle ndani, gramafoni ikazunguka. Kikilegea, alikata kingine. Mpwa akairithi dawa hiyo pamoja na mgonjwa. Fundi cherehani akikosa vyote duniani, lastiki hakosi.

Ila siku hiyo alikosa. Alikuwa ametoka kushona kaptura za shule nzima.

"Na iwe heri," alisema mkewe, akichungulia mlangoni na chanuo mkononi. "Kila ikiugua unaitibu kwa dawa ya chupi. Mpelekee Waya aitazame kama binadamu."

Waya alikuwa fundi redio wa kwenye kona, mtu mchangamfu, mkono wake mmoja daima umeshika kitu kilichofunguliwa. Alipoitoa lastiki ile, yenye mshono safi kabisa, alicheka mpaka akaita majirani waje kuona. Polepole aliiacha gramafoni hapo, akarudi nyumbani amenuna, akashona bila muziki, na watu walioshonewa nguo siku hizo watakuambia kwamba zilikuwa na mishono iliyokosa raha. Hayo wanasema wao. Mimi nguo yangu haikuwa na kasoro, ilichelewa tu.

Hatimaye Waya akaja na gramafoni kwapani, uso umejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri. Aliiweka juu ya kabati, akapangusa vumbi kwa kiwiko, akasema, "Mkanda wa kweli huo, mzee, wa kwake kabisa. Sasa usikie kitu." Akaipokea santuri kwa Polepole, akaweka sindano.

Shemeji akaingia. Aliingia akitembea vizuri, noti zake zimetakata, na Polepole akatikisa kichwa kwa kuridhika. Babu akafuata, na mkongojo wake leo ulikuwa mwepesi. Msidhani wimbo uligeuka wa kurukaruka. Ulikuwa bado wa polepole, polepole ya mtu mzima mwenye afya. Tuliyokuwa tukiisikia zamani ilikuwa polepole ya mgonjwa. Muziki ukazunguka mzima, mwimbaji hajafungua mdomo, wenzake wanamngoja kama kawaida. Kisha akafungua.

Akatoka mwanamke.

Utepe wa kupimia ulimdondoka Polepole shingoni. "Hii siyo yangu," alisema. "Umebadilisha santuri."

"Nibadilishe na ipi, mzee? Wewe mwenyewe ndiye uliyebaki nayo. Haikutoka humu ndani."

"Siyo yangu! Mjomba yuko wapi?"

"Mjomba gani?" Waya akatazama huku na huku. "Mimi sikupewa mjomba. Nilipewa gramafoni."

Wakabishana, mmoja akitaka mjomba wake, mwingine akiapa kwamba hajawahi kumwona, mpaka sindano ilipofika penye kovu. Zamani mkasi uliiangukia santuri, na mahali pale palikuwa na mlio mdogo, tak, ambao Polepole aliujua kama mlango wa nyumba yake. Ukalia. Baadaye kidogo Mkwe akashika noti yake, na mtu akaguna, "Mh!" Mguno ulikuwa mwepesi kuliko alivyouzoea, lakini ulikuwa wenyewe. Polepole akakaa chini.

"Ndiyo hivyo, mzee," alisema Waya, sasa kwa upole. "Lastiki inateleza. Sahani inavivia, na sahani ikivivia sauti inakuwa nzito. Huyu alikuwa mwanamke tangu siku aliyoimba."

Mtu atauliza, iweje miaka yote asiambiwe? Lakini fikiri. Wateja wangapi walikaa kwenye benchi lile, wengine wamesoma, wengine wametembea, wakasema, "Huyu anaimba kwa uchungu," au "Huyu anajua"? Lugha yetu haikulazimishi kusema kama ni wa kiume au wa kike. Anaimba, analia, anajua, basi. Kila mmoja aliondoka na mwimbaji wake kichwani, na Polepole akabaki na Mjomba.

Sasa hakuwa naye. Alihisi amefiwa upya, tena mara hii bila majirani kuja kumpa pole, kwani ungewaeleza nini? Akatazama mikono yake, halafu akatazama gramafoni.

"Rudisha lastiki," alisema.

"Mzee, kifaa kimepona."

"Ndiyo sauti ya mjomba wangu iliyobaki. Nyingine sina. Rudisha lastiki."

Waya alikuwa na kicheko tayari mdomoni, akakimeza. Alieleza kwamba ile ya zamani ilikatika vibaya na ameitupa, lakini lastiki mpya ilikuwa palepale mezani, bunda zima lililonunuliwa asubuhi. Polepole akashika mkasi. Alikata kipande bila kupima, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, akatunga uzi, akaanza kuunganisha ncha. Waya, kwa kukosa la kufanya na kwa kuipenda kazi yake, akaurudisha wimbo mwanzo ili angalau ausikie mara moja zaidi kabla haujaugua tena.

Mwanamke alipoanza kuimba, mlango wa katikati ukafunguliwa. Alisimama msusi, chanuo amelichomeka kwenye nywele zake mwenyewe, na nyuma yake mteja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima.

"Nani huyo anaimba?" aliuliza.

"Ni yule yule," alijibu mumewe bila kuinua macho.

"Yule yule nani? Yule wa matanga?"

Waya akamsimulia, lastiki na yote, kwa ufupi aliouweza, ambao haukuwa mfupi. Msusi hakumcheka mumewe. Alikaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hajawahi kukaa wimbo ule ukipigwa, mteja wake akakaa kando, na wote wawili wakainamisha vichwa wakisikiliza.

"Huyu halii," alisema msusi baada ya muda. "Huyu anamsema mtu."

"Tena mwenyewe yumo humo humo chumbani," alisema mteja.

"Yumo. Msikie huyo wa gitaa anavyojibu. Amekosa huyo."

"Mkwe hawezi kukosa!" alifoka Polepole, kisha akajikuta anasikiliza. Kweli Mkwe alijibu kama mtu aliyekutwa na kosa. Na kulikuwa na kitu kingine, kabla ya ule mstari wa tatu, wa jibu. Siku zote pale palikuwa na mkwaruzo mrefu aliodhani ni uchakavu wa santuri. Leo alisikia ni nini. Mwanamke alikuwa anavuta pumzi. Sindano ya Polepole ilisimama kidogo kwenye lastiki, kisha ikaendelea.

Waya alikuwa mtu mwema, na watu wema hawajui kunyamaza. "Basi, mzee," alisema, "usijiumize. Jina tu libadilike. Ulikuwa na Mjomba, sasa una Shangazi. Ukoo ni ule ule."

Polepole aliinua kichwa kwa hasira ya kweli. "Shangazi! Shangazi ni dada wa baba. Huko kwa baba mimi simjui hata mmoja, na wao hawanijui. Usinichanganyie ukoo. Huyu ni wa upande wa mama."

"Usimfokee mwenzio," alisema mkewe. "Haya, ni wa upande wa mama. Mjomba akiwa mwanamke, anaitwaje?"

"Anaitwa..." Polepole akaanza haraka, haraka isiyo yake, akakuta hana neno.

"Mama mkubwa," alisaidia mteja. "Au mama mdogo. Inategemea."

"Mjomba alikuwa na dada mmoja tu," alisema Polepole.

Msusi alimtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu amjue ulimi wake ulitulia wenyewe. Kwenye santuri Shemeji alikuwa anachokonoa vinoti vyake, Babu akipita nyuma.

Juu ya mama yake, Polepole aliambiwa machache, kwa kuwa mjomba alikuwa hawezi kumtaja bila kuondoka chumbani. Lakini moja aliwahi kumwambia, siku walipokuwa wanatia bitana koti, wakiwa wameinama ili wasitazamane. Alisema kwamba walipokuwa watoto, mtu akipiga hodi kwao, hakuweza kujua aliyemwitikia ni yupi kati yao. Sauti ilikuwa moja. Baadaye yake yeye ikashuka, ya dada yake ikabaki pale pale.

Lastiki ilikuwa mapajani, ncha mbili zimeshikwa na uzi mmoja. Polepole alisikiliza akiwa hatikisiki. Mwanamke alisema neno lake, akalirudia, kana kwamba hakuwa na hakika kama amesikiwa mara ya kwanza. Akavuta pumzi. Akatoa jibu. Mkwe akajibu, Mlinzi akafagia, na muziki ukafika mwisho, ikabaki sindano ikizunguka kwenye mfereji mtupu.

Machozi yalikuwa yanamtoka Polepole, naye anatabasamu, na Waya hakujua ashike lipi. Akaona bora arudi kwenye ufundi. Alinyoosha mkono kuondoa sahani ya juu. "Haya, mzee. Ilete."

"Rudisha," alisema Polepole.

"Ndiyo, nipe basi hiyo lastiki niirudishe."

"Rudisha wimbo," alisema Polepole. Alisimama, akafunga kifungo cha juu cha shati lake. "Anzisha mwanzo. Mama yangu amefika, na mimi sijamwamkia."